Kiti Mwendo cha Umeme Nyanda za Juu Kusini: Kukipata, Kukilipia na Kukiendesha Bila Kuumia

Muuzaji wa Dar es Salaam atakuuliza uzito wako, kama unalipa taslimu, na mzigo uje kwa basi gani. Hatakuuliza unakaa mtaa gani. Kwa mtu wa Mbeya, swali hilo ndilo lenye hela ndani yake. Kiti kinachomtosha mtu wa Kinondoni kwenda sokoni na kurudi kinaweza kumwacha mtu wa Isanga katikati ya mpando, betri imelala, wapita njia wanampa pole. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, umeegemea mlima Loleza, na ni mitaa michache sana unayoingia na kutoka bila kupanda wala kushuka. Iringa nako mjini ni juu na Ipogolo ni chini. Tukuyu ni milima, tena yenye mvua karibu mwaka mzima.

Kwa hiyo hapa tunaanza na njia, bei itafuata.

Kwanza, hakikisha ni cha umeme unachohitaji

Kiti cha umeme kinamfaa mtu ambaye mikono haina nguvu ya kusukuma, au mabega yamechoka kwa miaka ya kusukuma, au pumzi haimtoshi. Lakini awe na mkono mmoja unaoweza kushika joistiki, yaani kile kijiti cha kuendeshea kiti, bila kutetemeka sana, anaona vizuri, na anaamua haraka. Mwenye kifafa ambacho dawa hazijakituliza asiendeshe peke yake. Na mwenye mikono imara anayeishi kijijini, njia ni ya udongo na mawe, mara nyingi atanufaika zaidi na baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono. Ile fundi baiskeli yeyote anaijua, na spea zake ziko kila gulio.

Nenda kwa wataalamu wa fiziotherapia, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au hospitali ya rufaa ya mkoa wako, uombe vitu viwili: vipimo vya mwili na barua. Barua utaihitaji kwenye fedha, tutafika huko. Vipimo ni upana wa nyonga, urefu wa paja kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, na urefu kutoka goti hadi kisigino. Upana wa kiti ulingane na nyonga. Kina cha kiti kiwe pungufu ya paja kwa sentimita 3 hadi 6, ili ukingo usikukate nyuma ya goti. Kumnunulia mtoto kiti kikubwa “ili akue nacho” ni kumpindisha mgongo.

Mto nao uulizie palepale. Mtu asiyehisi makalio yake anapata vidonda vya mgandamizo kimyakimya, na kidonda kikiingia ndani kinaweza kuua. Kiti cha umeme kinaongeza hatari hiyo kwa sababu kinakufanya ukae muda mrefu bila kujitikisa. Kila nusu saa inama mbele au egemea upande ili damu ipite, na jioni mtu akukague ngozi, au jikague mwenyewe kwa kioo.

Pima njia kwa pima maji

Kazi hii haichukui asubuhi nzima na haina gharama. Tafuta ubao ulionyooka wenye urefu wa mita moja na pima maji ya fundi ujenzi. Nenda pale penye mpando mkali kuliko pote kati ya mlango wako na unakokwenda kila siku. Laza ubao kufuata mpando, ncha ya juu iguse ardhi, kisha mtu ainue ncha ya chini taratibu mpaka kiputo kikae katikati. Sasa pima kwa rula, kutoka ardhini hadi upande wa chini wa ubao kwenye ile ncha iliyoinuliwa.

Sentimita 10 ni nyuzi 6 hivi. Sentimita 14 ni nyuzi 8. Sentimita 18 ni nyuzi 10, na 21 ni nyuzi 12. Viti vingi huandikiwa kiwango cha kupanda kati ya nyuzi 6 na 12, na vile vyepesi vya kukunja huwa upande wa chini. Namba hiyo ya kiwandani ni ya betri iliyojaa, lami kavu, na mtu asiyezidi uzito ulioandikwa. Mimi huipunguza nyuzi mbili kabla ya kuiamini. Kiti kimeandikwa 8? Kwangu hicho ni cha 6.

Ukikuta sehemu moja tu fupi ndiyo inayozidi, usikimbilie kiti cha bei kubwa. Mzunguko wa mtaa wa pili unaweza kukuokolea milioni. Wakati mwingine majirani watakubali kuchimba na kusawazisha kona moja ya njia, hasa ikiwa na bodaboda zao zinateleza hapohapo masika.

Endelea kupima. Mlango wa choo: viti vingi vya umeme vina upana wa sentimita 60 hadi 65, na fremu ikila nafasi unakwama. Kalavati na vifuniko vya mifereji mbele ya maduka: angalia nyufa kati ya slabu. Tairi dogo la mbele likidumbukia kwenye ufa wa vidole vinne, kiti kinasimama ghafla na wewe unaendelea mbele. Njia ya Mwanjelwa sokoni ina sehemu nyingi za namna hiyo, tena nyingine zimefunikwa na bidhaa zilizopangwa chini.

Umbali nao uwe wa kweli. Kiti kikiandikwa kinakwenda kilomita 20, kwenye milima yetu hesabu nusu, na katika nusu hiyo bakiza robo ya betri ya kurudia nyumbani.

Kizingiti cha nyumba kinahitaji njia ya mteremko, na kanuni yake ni 1 kwa 12: ngazi ya sentimita 15 inataka mteremko wa mita 1.8. Fundi atakwambia ni ndefu mno, inamaliza sementi. Mwache aseme, halafu ajenge hiyohiyo. Asipige niru juu yake. Akwaruze kwa ufagio wa chelewa kabla haijakauka, la sivyo mvua ya kwanza utateleza hadi kwa jirani. Pembeni aweke ukingo wa sentimita tano hivi, ili tairi lisitoke nje.

Kiti kipi kwa njia ipi

Kuna makundi mawili yanayokuhusu. La kwanza ni viti vya kukunja vyenye betri ya lithiamu, kilo 25 hadi 30, vijana wawili wanakipakia nyuma ya Noah. Vinafaa ofisini, kanisani, hospitali na kwenye lami. La pili ni vile visivyokunjika, vyenye betri za madini ya risasi, kilo 50 hadi zaidi ya 100. Hivi vimetulia zaidi mlimani na vina mota zenye nguvu, lakini bajaji hazivibebi na ngazi tatu tu zinakufungia nje.

Anayeishi kwenye udongo na kokoto achukue kundi la pili, tairi za nyuma zisipungue inchi 12 na za mbele ziwe pana, safari za mbali akodi gari. Anayetoka kila siku kwa gari la watu achukue la kwanza na akubali kwamba njia za vumbi si zake. Kuna watu wanataka kimoja kifanye vyote, sijakiona.

Tairi za kujaza upepo zinapoza mitikisiko ila zinapata pancha, za mpira mgumu hazitoboki ila mgongo unalipa. Mwenye maumivu ya uti wa mgongo achukue za upepo na abebe pampu. Na yale magurudumu madogo ya nyuma yanayokaribia kugusa ardhi yanazuia kiti kisipinduke kinyumenyume unapopanda. Fundi akitaka kuyatoa kwa sababu “yanakwaruza”, mkatalie.

Fedha

Kiti kipya cha umeme ni cha mamilioni ya shilingi, si malaki, na bei ya dukani ni sehemu tu ya hesabu. Andika kwenye karatasi: kiti, usafiri, mto, chaja ya akiba, na seti ya pili ya betri. Betri za risasi zinazotumika kila siku huishi mwaka mmoja hadi miwili, zikitunzwa vizuri labda mitatu. Usipoweza kuona zitatoka wapi hela za seti ya pili, kiti bado hujakimudu, hata kama umepewa bure. Viti vingi vilivyokaa stoo za nyumba na makanisa vina mota nzima kabisa. Kilichokufa ni betri.

Umeme wenyewe usikuogopeshe. Betri mbili za volti 12 na saa-ampia 40 zikiungwa zinakuwa volti 24, zinabeba karibu uniti moja. Pamoja na unaopotea kwenye chaja, kuzijaza kutoka karibu sifuri kunakula uniti moja na ushee. Kwa bei ya kawaida ya LUKU ya majumbani haifiki shilingi 500.

Hela zinatoka wapi? Anza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, ukiwa na ile barua ya hospitali na barua ya serikali ya mtaa. Yeye ndiye anayejua viti vya msaada vinapokuja na nani anavigawa, na asiye kwenye daftari lake hakumbukwi. Jiunge pia na CHAWATA, Chama cha Walemavu Tanzania, au chama kingine kilicho chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, hapo ulipo. Taarifa za viti, mafunzo na wafadhili hupita huko kabla hazijafika kwenye mbao za matangazo.

Kama uliumia kazini, usianze na harambee. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unahusika na matibabu, utengamao na fidia ya ulemavu uliotokana na kazi, na mwajiri ndiye anayetakiwa kutoa taarifa. Kama uliumia kwenye ajali ya barabarani, chombo kilichokugonga kwa sheria kinatakiwa kuwa na bima inayolinda watu wengine. Fuatilia madai hayo ukiwa na taarifa ya polisi. Barabara kuu ya Tunduma imejeruhi watu wengi huku kwetu, na wengi wao waliishia kwenye mchango wa ukoo bila kugusa bima kabisa.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejea mwaka 2024. Ni mikopo ya biashara. Usikope ununue kiti, maana kiti hakileti marejesho. Kopa kwa ajili ya mashine ya kushonea, banda la kuku au stoo ya mchele, na faida ndiyo idundulizwe kwenye kiti. Kwa kudunduliza, kikoba cha mtaani kinashinda kibubu cha nyumbani, kwa sababu hela ya kibubu inajua njia ya kwenda dukani.

Mnaochangiwa na familia au jumuiya: teua mweka hazina mmoja, tangaza lengo likiwa na betri za pili ndani yake, na hela ya betri ikae kwenye akaunti yake. Watu wanachanga kwa moyo mara moja, na mara ya pili wanauliza ile ya kwanza ilikwenda wapi.

Unaagiza nje au unatumiwa na ndugu aliye ng’ambo? Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina msamaha kwa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Nenda ofisi ya TRA na karatasi zako kabla mzigo haujaondoka huko, si ukiwa umeshakaa bandarini ukihesabiwa siku. Msamaha wa kodi hauondoi gharama za bandari wala za wakala wa forodha, kwa hiyo hizo ziwemo kwenye bajeti.

Ukinunua kilichotumika

Nenda na fundi umeme mwenye mita ya kupimia, na msikubali kukijaribu sebuleni kwa muuzaji. Betri zijazwe chaji, kiti kipumzike masaa kadhaa, ndipo mpime: kila betri nzima ya risasi inasoma volti 12.7 hivi. Ikisoma 12 au chini yake baada ya kujazwa, hesabu kwamba unanunua betri mpya, na punguza bei papo hapo. Halafu kipandisheni mlima mmoja wenu akiwa amekaa ndani yake, mita ikiwa imeshikizwa. Volti zikiporomoka haraka, betri ni jina tu.

Katikati ya mteremko achia joistiki. Kiti kisimame na kibaki pale, kisiteleze hata kidogo. Breki za viti hivi zinajifunga zenyewe mota isipopata umeme, zikishindwa mtihani huo ondokeni.

Kisha geuza chaja usome karatasi yake ndogo. Kwetu umeme ni volti 230. Ikiandikwa INPUT 100-240V, sawa. Ikiandikwa 110 au 120 peke yake, hiyo ni ya Marekani, na ukiichomeka ukutani itatoa moshi kabla hujarudi kukaa. Viti vya msaada vinavyokuja kwenye makontena wakati mwingine huja na chaja za namna hii, hivyo angalia hata kama umepewa zawadi. Dawa yake ni chaja nyingine ya volti 24 inayoendana na aina ya betri zako. Ya betri za risasi haifai lithiamu, wala kinyume chake.

Kuchaji

Chaji kila usiku unapotumia kiti, hata kama ulikwenda dukani tu. Betri ya risasi inayoachwa nusu kwa siku nyingi inaganda ndani na haizibuki. Ipe masaa nane hadi kumi na mbili bila kukatisha. Ukisafiri kwa mwezi, ijaze kwanza, kisha mtu airudishie chaji kila wiki mbili.

Betri za risasi zikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Sasa, huku kwetu Juni na Julai watu huingiza jiko la mkaa ndani ili chumba kipate joto. Jiko na kiti kinachochajiwa visikae chumba kimoja kamwe, na kwa kweli jiko hilo lisilale ndani na mtu hata bila kiti, maana hewa yake inaua watu usingizini. Chomeka chaja moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni inayobeba pasi na friji. Radi zikianza, chomoa.

Betri ya gari usiifunge. Imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiitumia mpaka chini kila siku inakufa ndani ya muda mfupi, na zile zenye maji ya tindikali zitakumwagikia kiti kikiinama. Unayoitaka imefungwa kabisa, ya jeli au iliyoandikwa AGM, inayovumilia kutumika mpaka chini mara kwa mara, ya jamii ileile inayouzwa maduka ya sola. Beba vipimo vya boksi la betri kwa sentimita, siyo kwa macho.

Kuendesha

Wiki ya kwanza weka spidi ya chini kabisa, uwanja wa shule siku ya Jumamosi, mtu akiwa nyuma yako. Jifunze kusimama kwanza, mbio baadaye. Mkanda ufungwe kila mara.

Kupanda: nenda wima kabisa, uso mbele, mwili umeinama mbele kidogo, bila kukata kona katikati. Ukikatisha mlima kwa mshazari, uzito wote unaangukia tairi la chini na kiti kinalala. Kushuka: spidi ndogo, mgongo umeegemea, joistiki mbele kidogo tu. Usizime swichi ili kusimama, kwa sababu breki zitauma ghafla na utarushwa. Mikoba isining’inie nyuma ya kiti unapopanda. Ndoo ya viazi nyuma ya mgongo inatosha kukupindua.

Kwenye kila mota kuna wenzo mdogo, mara nyingi mwekundu au wa njano, unaoachia mota ili kiti kisukumwe kwa mkono. Ukiwa umeachiwa, kiti hakina breki. Hakuna. Wafundishe wote wanaokusaidia, na hasa watoto wa nyumbani, maana wao ndio watakaoubonyeza kwa kucheza. Ufunguliwe pa tambarare tu, na mtu akiwa ameshika kiti.

Barabara kuu ya Uyole, Mafiati hadi Mbalizi ni ya malori, na kiti kinatembea mwendo wa mtu anayeharakisha, kilomita 6 kwa saa hivi. Pita njia ya waenda kwa miguu, na isipokuwepo kaa kulia ili uyaone magari yanayokujia. Fimbo yenye kibendera juu ya kichwa chako inaonekana na dereva wa lori. Wewe uliyeketi huonekani. Jioni vaa kizibao cha kung’aa kama cha bodaboda. Mlima wa kutoka Ipogolo kupanda Iringa mjini, na ule mteremko wa Iwambi, usiuendeshe kabisa. Kodi gari, kiti kifungwe kamba pande nne, na wewe ukae kwenye siti ya gari. Juu ya toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, kiti kinakwenda peke yake bila mtu.

Mvua, tope na baridi

Adui wa joistiki ni maji yanayoingia kwenye ule mpira wa shingo yake. Mpira ukichanika, badilisha siku hiyo. Rambo zilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo kata kipande cha koti kuukuu la mvua, kishone na lastiki kama kofia, kikae mfukoni kuanzia Novemba. Tope jekundu likishika tairi, liondoe likiwa bichi kwa kijiti na kitambaa chenye unyevu. Usimwagie kiti maji kwa mpira kama gari. Asubuhi za Julai, Njombe na Makete hasa, betri za risasi hupungua nguvu kwa baridi, basi kiti kilale ndani na safari ndefu isubiri jua.

Kikizima njiani

Beba kamba, simu yenye chaji, fyuzi za akiba za saizi ileile na bisibisi. Taa za kwenye joistiki zikiwakawaka, hesabu zinawaka mara ngapi kabla ya kupumzika na umsomee fundi hesabu hiyo kwenye simu. Ndiyo njia ya kontrola, ubongo wa kiti, kusema kilichoharibika. Fyuzi ikikatika usiweke waya badala yake. Kiti cha kusukuma kwa mkono usikigawe ulipopata cha umeme, kwani siku ya hitilafu au umeme kukatika siku mbili ndicho kitakachokupeleka kliniki.

Betri zikichoka zibadilishwe zote mbili pamoja, za aina moja na umri mmoja. Mpya ikiungwa na mzee inazeeka naye. Za zamani usizipasue wala kuzitupa shimoni. Wanunuzi wa vyuma chakavu huzipima kwa kilo, na hela hiyo, ingawa ndogo, iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya betri zijazo.